Ng'ombe wa Ma Joanitha

Kila mwisho wa mwezi jirani yangu Ma Joanitha alifunga mlango wake kwa kufuli, akajitanda kitenge, akapita dirishani kwangu na kusema, "Mwalimu, ng'ombe wangu amekwisha. Nakwenda kliniki." Nami nilicheka. Nilicheka miaka kumi na moja, nikidhani ni utani wa mwanamke mpweke anayemtafutia jirani neno la kumfurahisha. Ng'ombe wake ilikuwa insulini, kichupa kidogo cha dawa ya kisukari kinachoenea kiganjani. Niliona jina linafaa: watu wengine huishi kwa maziwa ya ng'ombe wao, yeye aliishi kwa kichupa kile.

Sikuuliza. Hilo linanikera hadi leo, maana kuuliza ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mimi ni Kamala, mwalimu mstaafu wa baiolojia. Nimefundisha miaka thelathini na miwili katika sekondari za Bukoba na Muleba, na nimechora kongosho ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Mke wangu alipofariki nyumba ilinishinda ukubwa, nikaiachia watoto, nikaja kupanga chumba hapa Kashai, ukuta mmoja na mwanamke ambaye kongosho lake lilikuwa limeacha kazi tangu utotoni. Tukawa tunaazimana chumvi na viberiti. Yeye alisikiliza redio yangu kupitia ukutani, mimi nikasikiliza cherehani yake. Somo la kongosho nilikuwa nimeliacha shuleni pamoja na chaki.

Alikuwa mrefu, mwembamba, fundi wa sare za shule, na mtu wa maneno machache. Ukimkaribisha chakula alikuja na sahani yake mwenyewe, akapakua kidogo, kisha akarudi kukaa kwenye kizingiti cha mlango wake na kula huko akiwa amekupa mgongo. Mwaka wa kwanza niliona ni maringo. Nilimnunia wiki nzima, mtu mzima na mvi zangu, kwa sababu ya sahani ya ndizi na maharage. Hakunisema. Jumapili alinigongea akanipa shati langu ambalo alikuwa amelibadilisha kola bila kuombwa, nami nikaona haya, tukaendelea kama zamani.

Mwaka juzi macho yake yalianza kufifia. Kisukari hufanya hivyo kikikaa sana mwilini. Asubuhi moja alikuja mlangoni kwangu na kichupa mkono mmoja, sindano mkono wa pili, akasema mistari ya kwenye sindano inamkimbia. Nikavaa miwani, nikavuta dawa hadi alama aliyonitajia, na kwa mazoea ya mwalimu nikasoma na karatasi iliyobandikwa kwenye kichupa.

"Insulini ya binadamu," nikasoma, kama mtu anayesoma jina la sabuni.

Akavuta mkono wake nyuma. "Ya nani?"

"Ya binadamu."

"Mwalimu, mnanichoma mtu?"

Nikacheka tena, mpumbavu mimi. Kisha nikamwangalia usoni, kicheko kikanikauka.

"Waitu, tafadhali, niambie ukweli," akasema. "Si ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, Ma Joanitha?"

Ndipo akakaa kwenye kigoda changu cha mlangoni, akaanza kunisimulia. Miaka kumi na moja ya ujirani, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kumfahamu.

Alizaliwa Kaagya, katika kibanja cha migomba na kahawa, binti wa kwanza wa Ta Mwijage, mzee wa kanisa la Kilutheri. Mwaka 1975, akiwa na miaka kumi na miwili, alishikwa na kiu. Alikunywa mtungi mzima na bado akaenda kuinamia kijito. Alikojoa kitandani kama mtoto mchanga, na nyama zikamwisha mwilini hadi nguo zikawa zinamdondoka. Baba yake alimfunga kwa kanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ili asianguke, akamsukuma hadi hospitali. Huko wakasema ni kisukari cha watoto, na kwamba dawa ipo, ya sindano, kila siku hadi mwisho wa maisha.

Muuguzi aliyewaeleza alikuwa mtu mwema na mwenye maelezo mengi. Akamwambia Ta Mwijage kwamba dawa hiyo hutolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Mzee akauliza, "Ng'ombe wa rangi gani?"

Muuguzi akafikiri ni mzaha. Mzee akauliza tena, na mara ya tatu akauliza akiwa amesimama.

Wahaya watakuwa wameshaelewa. Kila ukoo una omuziro wake, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali. Kuna wasiokula samaki fulani, kuna wasiokula mnyama fulani wa porini. Ukoo wa akina Joanitha, ambao sitautaja kwa heshima yao, haugusi ng'ombe mwenye mlia mweupe mgongoni. Si nyama yake, si maziwa yake, si ngozi yake. Na anayemla huwachafua wote wanaokula naye. Wamebatizwa, wanaimba kwaya, wanatoa zaka, lakini ng'ombe yule hawamgusi. Sasa nani hospitalini angejua mgongo wa ng'ombe aliyechinjwa Ulaya ulikuwa na mlia au hauna?

Ta Mwijage alimtazama bintiye pale kitandani. Kisha akasema, "Mchomeni."

Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza. Lakini yule mzee hakujua kusema uongo, na Joanitha aliponisimulia hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Baba yake alirudi nyumbani akawaita wazee wa ukoo akawaeleza yote. Wazee wakakaa, wakaamua kwa upole wa watu wanaodhani wanatenda haki. Mtoto aishi, na achomwe dawa yake. Lakini asile pamoja na wengine. Na siku akifa asizikwe kibanjani walikolala wazazi wao, azikwe mpakani, migomba inapoishia na rweya inapoanza, ile nyasi tupu ya kulishia mifugo.

Kwao chakula hutandazwa juu ya majani ya mgomba, familia nzima ikazunguka na kula kutoka jani moja. Tangu siku ile Joanitha alikatiwa kipande chake cha jani kikawekwa pembeni, karibu na mlango. Jioni ya kwanza alikaa pale akilia na hakugusa kitu. Baba yake aliinuka katikati ya wengine, akaja na tonge lake mkononi, akakaa naye. Alikula pale mlangoni jioni zote, miaka kumi na mitano, mpaka alipokufa mwaka 1990. Wazee walimwambia anajichafua. Akawajibu kwamba anajua.

"Baada ya yeye kufa, jani langu liliendelea kuwekwa pale pale," Ma Joanitha akasema. "Ila nilikuwa nakula peke yangu. Sikuweza, Mwalimu. Nikaondoka."

Alikwenda Bumbire, kisiwa cha wavuvi upande wa Muleba. Kule watu wametoka kila mahali na hakuna anayeuliza ukoo wako. Alishona nyavu, akachoma maandazi, na kwa miaka mitano akala sahani moja na mvuvi mmoja Msukuma, Mihayo, ambaye alipoambiwa habari za mlia mweupe alisema kwao ng'ombe ni ng'ombe, akaendelea kutafuna. Ma Joanitha aliniambia kwamba hiyo ndiyo miaka aliyonenepa. Lakini dawa ilikuwa ng'ambo. Kila mwezi alivuka kwenda bara kuichukua, hadi mwezi mmoja injini za mitumbwi ziligoma, siku zikapita nne bila sindano, na Mihayo akapiga kasia mwenyewe hadi nchi kavu, Joanitha akiwa hajitambui. Alipozinduka hospitalini, daktari alimwambia kwamba akirudi kisiwani atazikwa kisiwani. Mihayo naye hakujua kazi nyingine zaidi ya ziwa. Wakaagana pale wodini, Joanitha akabaki Bukoba karibu na jokofu la dawa. Hakuna aliyemkosea. Dawa ile ile iliyomweka hai ndiyo iliyompeleka kila mahali peke yake, na sijui mtu humkasirikia nani katika jambo kama hilo. Mimi nilitafuta wa kumkasirikia, nikajikuta niko peke yangu kwenye orodha.

Maana nilijua, na nilikuwa nimejua siku zote.

Nikamweleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wa kidato cha nne. Nikamwambia kwamba zaidi ya miaka mia iliyopita mtoto mwenye ugonjwa wake hakuwa na dawa. Madaktari walimpunguzia chakula hadi karibu na njaa, ili afe polepole badala ya kufa haraka. Kisha huko Kanada watu wakatafuta ndani ya kongosho la mbwa, halafu la ndama, wakapata kile kitu kinachoishusha sukari ya damu. Januari ya mwaka 1922 wakamchoma mvulana wa miaka kumi na minne aliyebaki mifupa. Dawa ya kwanza ilikuwa haijasafishwa vizuri, ikamtia jipu. Wakaisafisha zaidi, wakamchoma tena baada ya siku kumi na mbili, akainuka.

"Nani alikubali achomwe?" akauliza.

"Inasemekana baba yake."

Akaitikia kwa kichwa. "Endelea."

Nikaendelea. Viwanda vikaenda machinjioni. Kwa miaka sitini insulini ya dunia ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe, makongosho kwa malundo.

"Wa rangi gani?"

"Wa rangi zote, Ma Joanitha. Yalisagwa pamoja."

"Basi nilimla."

"Huenda ulimla, zamani. Lakini baadaye wataalamu waliichukua ile kanuni iliyo ndani ya mwili wa mtu, inayosema insulini itengenezwe vipi, wakawapa bakteria waifuate. Wengine wakaipa hamira."

"Hamira ya maandazi?"

"Ndugu yake. Inalishwa kwenye matangi makubwa, inachacha kama pombe ya rubisi kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi, na humo humo inatoa insulini iliyo sawa na ya mtu. Ndiyo maana wanaiita ya binadamu. Hakuna mtu aliyetolewa kitu, na hakuna ng'ombe aliyechinjwa."

Alikuwa ameshika kichupa kile kwa vidole viwili, anakigeuza kwenye mwanga ingawa hakuweza kukisoma. "Tangu lini?"

"Hapa kwetu mwaka hasa siujui. Lakini si chini ya miaka ishirini."

"Ishirini." Akakirudisha kichupa mfukoni taratibu. "Miaka ishirini nimekula mlangoni kwa ajili ya rubisi."

Nilitaka aniseme, anitukane, aniulize mwalimu gani huyu. Hakuuliza. Kliniki nako hakuna aliyewahi kumweleza, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anahitaji kuelezwa. Walijua sukari yake na uzito wake, lakini hakuna aliyeandika popote kwamba mgonjwa huyu anaogopa mlia wa ng'ombe. Akachoma dawa yake, akashusha blauzi, akaniambia jambo analolitaka. Daktari alikuwa amemwambia mwezi ule kwamba figo zake zinachoka na hazitapona. Hakutaka kurudi kula na ukoo, alisema huo umri umepita. Alitaka kuzikwa karibu na baba yake. Hilo tu.

Mwenye kusema neno juu ya kaburi alikuwa mdogo wake, Byarugaba, mrithi wa kile kibanja. Jumamosi iliyofuata tukakodi gari la Riyadhi, dereva wa mtaani kwetu, tukaenda Kaagya. Ma Joanitha alivaa gauni alilolishona mwenyewe, la kitambaa cha bluu, na njia nzima alikuwa ananirudisha kwenye somo. "Wanaanza bakteria, halafu hamira?" "Ndiyo." "Na mbwa walikuwa wa kwanza?" "Walikuwa wa kwanza." Alitaka asikosee mbele ya mdogo wake.

Ta Byarugaba alitupokea vizuri. Ni mtu mnene kiasi, mwenye sauti ya taratibu, mwenyekiti wa hili na lile. Mimi nililetewa kahawa za kutafuna kwenye kijikapu, kama mgeni anavyostahili. Chakula kilipofika, majani yakatandazwa, ndizi za ebitoke zenye mvuke zikamwagwa katikati, na mtu akaweka kipande cha jani karibu na mlango bila hata kufikiri. Ma Joanitha akaenda kukaa pale. Alikuwa na miaka sitini. Nilipandwa na hasira hadi tonge likawa chungu mdomoni, na kwa aibu yangu nililimeza.

Baada ya kula alimweleza mdogo wake yote, kwa Kihaya, na hakukosea hata mahali pamoja. Mbwa, ndama, yule mvulana, machinjio, bakteria, hamira, rubisi. Akamaliza kwa kusema, "Byarugaba, mimi ni safi. Nionyeshe mahali pangu karibu na Tata."

Ta Byarugaba alitazama mikono yake kwa muda mrefu. "Dada, hili si langu peke yangu," akasema. "Nipe muda niongee na ukoo."

"Figo hazinipi muda mwingi."

"Nitaongea nao. Nitakupigia simu."

Tulipoinuka kuondoka aliniita niende naye nyuma ya nyumba kuangalia kahawa iliyoanikwa. Nilidhani anataka kunilaumu kwa kumletea maneno. Lakini alipita kahawa bila kuitazama, akaingia kwenye kibanda cha majembe, akatoka ameshika kitu ndani ya ngumi. Nyuma yake, sakafuni, niliona chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu. Nilikijua kifaa hicho. Ma Joanitha alikuwa nacho chumbani kwake, ndicho kilichokuwa jokofu lake.

Akafungua ngumi. "Mwalimu, nisomee hiki."

Nilivaa miwani, ingawa sikuhitaji. "Insulini ya binadamu."

"Ni hiyo hiyo ya dada?"

"Ni hiyo hiyo."

Alishusha pumzi ndefu, akaegemea mlango, akafumba macho. Machozi yalimtoka na akayaacha. Akaniambia ana miaka sita anachoma, vidonge viliposhindwa. Kliniki anakwenda Muleba, ili asijulikane. Kila sindano alijua anakula omuziro, na kila jioni alirudi kukaa katikati ya watoto na wajukuu akala nao jani moja, akiwachafua wote kwa hesabu yake mwenyewe. Hata mkewe alidhani kwamba kibandani anakwenda kunywa gongo.

"Basi kamwambie dada yako," nikasema. "Sasa hivi, kabla hajaingia garini."

"Siwezi."

"Wewe ni mtu wa namna gani?"

"Najua ni mtu wa namna gani. Nakuomba, Mwalimu. Nipe muda. Nitalisema mwenyewe."

Na mimi nikakubali. Ninaandika haya ili isije ikaonekana kwamba yeye peke yake ndiye mwoga. Nilijiambia kwamba siri ni yake, kwamba mtu hupewa nafasi ya kujisemea, maneno mazuri ya kiungwana. Nikapanda gari nikakaa karibu na Ma Joanitha, naye akaniuliza tuliongea nini. Nikasema kahawa.

Simu haikuja. Ma Joanitha aliitundika yake shingoni kwa uzi aliousuka kwa mabaki ya sare, isije ikaita akiwa uani. Mwezi wa kwanza aliniambia Byarugaba ana mikutano mingi. Mwezi wa tatu aliacha kumtaja, ila alikuwa ananipa simu niangalie kama ina chaji. Miguu ilivimba, cherehani ikanyamaza, ukuta wetu ukawa ukuta tu. Kila asubuhi nilivuta dawa nikampa sindano, kwa kuwa kuchoma alikuwa bado anataka kuchoma mwenyewe. Neno ng'ombe hakulisema tena. Alisema dawa, kama watu wengine. Ajabu ni kwamba nililikosa.

Wiki ya mwisho nilikuwa nimekaa karibu na kitanda chake nikimmenyea chungwa, akaniambia, "Usimkasirikie Byarugaba."

"Simkasirikii."

"Unamkasirikia, nasikia unavyomenya." Akatabasamu. "Hawezi kujua. Yeye amekaa ndani siku zote, hajawahi kuwekwa mlangoni. Mtu wa namna hiyo utamweleza nini? Haya mambo ninayajua mimi peke yangu."

Hapo ndipo ningesema. Ulimi ulikuwa tayari, na mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna ambaye angejua. Nikampa kipande cha chungwa. Alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, mwezi Machi mwaka huu, akiamini kwamba katika ukoo mzima ni yeye peke yake.

Tulimpeleka Kaagya Ijumaa. Mchungaji alikuwapo, kwaya ilikuwapo, migomba ilikuwa imelowa mvua. Tuliposhusha jeneza garini nikaona vijana wenye majembe wamesimama mbali, kule mwisho, na udongo mwekundu umerundikwa pale migomba inapoishia. Ng'ambo ya shimo ilikuwa nyasi tupu. Kaburi la Ta Mwijage lilikuwa huku nyuma yetu, karibu na nyumba, na pembeni yake palikuwa na nafasi.

Nilimtafuta Byarugaba kwa macho. Nilikuwa nimeamua kusema kwa sauti, mbele ya mchungaji, na liwalo na liwe. Lakini alikuwa ameshaanza kutembea. Alikwenda hadi kwenye lile shimo la mpakani, akawauliza vijana nani amewaagiza. Mzee Kyaruzi, mkubwa wa ukoo, akajibu badala yao kwamba hivyo ndivyo ilivyoamuliwa tangu enzi za baba yake, na kwamba yeye kama mrithi anajua.

"Basi chimbeni mawili," Byarugaba akasema.

Watu hawakuelewa. Akafungua vifungo vya shati pale pale kwenye manyunyu, akalipandisha, tumbo likaonekana. Ngozi ilikuwa na madoa meusi ya sindano, huku na huku ya kitovu. "Miaka sita," akasema. "Dawa ile ile ya dada. Mmekula na mimi miaka sita. Kama yeye ni wa huku, na mimi ni wa huku. Chimbeni mawili, nijue mahali pangu."

Mkewe aliweka mkono mdomoni. Kisha Byarugaba akaanza kueleza habari za hamira na rubisi, akachanganya, akaanza na machinjio akarudi kwa mbwa, akakwama. Nikasogea nikamsaidia. Nilifundisha somo langu la mwisho la kongosho nikiwa nimesimama kando ya shimo tupu, mbele ya jeneza la mwanafunzi wangu aliyelijua kuliko wote. Sijui walioelewa ni wangapi. Mzee Kyaruzi aliuliza rubisi gani hiyo isiyolewesha. Lakini hakuna ukoo unaoweza kumtupa mrithi wake mpakani, na mvua ilikuwa inazidi, na mchungaji akakohoa. Vijana wakabeba majembe yao wakaenda kuchimba karibu na Ta Mwijage.

Tukamzika pale. Nilitaka kufurahi. Nilikuwa nimekaa na hamu hiyo mwaka mzima kwa niaba yake, na ilipotimia nikakuta hakuna wa kumwambia.

Baada ya mazishi majani yakatandazwa sebuleni. Habari ya kaburi ilikuwa imekwisha, lakini habari ya kula, Mzee Kyaruzi alisema kwa adabu, ingoje kikao cha ukoo. Mtu akakata kipande cha jani akakiweka karibu na mlango. Byarugaba hakubisha. Alipita katikati ya watoto wake, wamekaa wameinamisha vichwa, akaenda kukaa pale na kuvuta miguu yake ndani ili isiwazuie wapitao. Mimi si wa ukoo, na omuziro wao si wangu. Nilichukua tonge langu nikaenda kukaa naye.

Hakula. Alikuwa anawaangalia wengine, na mvuke wa ebitoke juu yao, na mikono inayokutana katikati ya jani. Kutoka pale mlangoni hadi kwao ni hatua sita, labda saba.

"Tata alikuwa anakaa hapa ulipokaa wewe," akasema. "Nilikuwa mtoto. Nilidhani ametukasirikia sisi." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sikujua kwamba hapa ni mbali hivi."